Jicho linaona dirisha, mfuko unalipia nyumba nzima



Kuna swali linalonifikia kila mara tunapoanza kupanga kolasyo: kwa nini tusichange makuta, tununue kamera ya digrii 360, turushe sherehe direkti, ili wazazi walio mbali wavae kaske ya VR na kujiona kama wamekaa nasi ukumbini? Na hapo hakukosi mtu wa kuongeza: "Basi tuweke na hologramu!" Kwa vile mimi niko kwenye kazi za video na mitandao, nimeona heri nieleze hapa hatua kwa hatua vitu hivi vinatengenezwaje na vinasafirije. Sitaki kumkatisha mtu tamaa. Nataka siku muuzaji akija na bei yake na maneno matamu, kila mmoja wetu aweze kupiga hesabu mwenyewe.

Jambo la kushika ni moja, na mengine yote yanatoka humo: kwenye video ya kuzunguka, jicho linaona dirisha moja tu, lakini mfuko unalipia nyumba nzima.

1. Kamera inaona nini

Video ya kawaida iko na mipaka. Anayepiga anachagua: hiki kinaingia, kile kinabaki nje. Video ya digrii 360 haina nje. Kamera ndogo za siku hizi ziko na lenzi mbili zilizopeana mgongo, kila moja ikiona zaidi kidogo ya nusu ya mazingira. Programu inachukua zile picha mbili za mviringo na kuziunganisha pale zinapopandana, kama fundi cherehani anavyounganisha vipande viwili vya kitambaa. Fundi akiwa mzuri, mshono hauonekani.

Lakini mshono uko. Lenzi mbili haziwezi kukaa mahali pamoja. Kati yao kuna umbali mdogo. Jaribu hivi: funga jicho la kushoto, tazama kidole chako mbele ya uso, halafu badilisha jicho. Kidole kinaruka. Fanya vile vile na mti wa mbali: hauruki. Kamera nayo iko hivyo. Kitu cha mbali kinaungana vizuri, kitu kilicho karibu sana kinakatika pale kwenye mshono. Ndiyo maana kwenye video nyingi za 360 unaona mtu aliyesogelea kamera amepoteza nusu ya bega. Basi mtu muhimu akae mbele ya lenzi moja, asikae kwenye mshono, na asikaribie chini ya mita moja hivi.

Kuna kanuni zingine ambazo mpigaji wa harusi hazijui, kwa sababu kazi yake haimlazimishi:

Kamera ni kichwa cha mtazamaji. Ukiiweka chini, umemkalisha mtazamaji sakafuni. Ukiipachika juu ya nguzo, umemning'iniza hewani. Kwa watu waliosimama, mita moja na nusu hivi inatosha.

Kamera isitembeetembee. Macho yakisema "tunasogea" na sikio la ndani, lile linaloshika usawa wa mwili, likisema "tumekaa", mwili unachanganyikiwa na mtu anapata kichefuchefu. Hakuna kuzungusha kamera, hakuna kuvuta picha karibu. Anayezungusha ni mtazamaji, kwa shingo yake.

Hakuna nyuma ya kamera. Mpigaji, mifuko, nyaya, mtu anayekula mandazi pembeni, wote wanaonekana. Na hapa kuna jambo la haki za watu: kwenye video ya kawaida mtu asiyetaka kupigwa anasogea pembeni, kwenye 360 hakuna pembeni. Ruhusa inaombwa mapema, kwa kila mtu aliye ukumbini, na kwa watoto inaombwa kwa wazazi wao.

Sauti ni nusu ya kazi. Ukigeuza kichwa kulia, sauti iliyokuwa mbele inatakiwa ihamie sikio la kushoto. Kwa hilo kuna njia ya kurekodi inayoitwa ambisoniki: katika umbo lake la kwanza inatumia chaneli nne, moja ya sauti yote kwa jumla, na tatu za mwelekeo, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kaske inazichanganya upya kila unapogeuka. Picha nzuri yenye sauti iliyoganda mahali pamoja inamuamsha mtu ndotoni mara moja.

2. Tufe kwenye karatasi

Picha ikishaunganishwa, iko kama tufe, na mtazamaji amekaa katikati yake. Lakini kodeki, yaani programu zinazobana video, zinajua kitu kimoja tu: mstatili. Lazima tufe lilazwe.

Tatizo hilo wachora ramani wanalo tangu zamani. Kwenye ramani nyingi za ukutani, Greenland inaonekana kubwa karibu kama Afrika nzima, wakati Kongo yetu peke yake inaizidi kwa eneo. Kila ukilaza tufe, kuna mahali panavutwa. Kwenye video ya 360, njia inayotumika sana ni kulaza tufe kwenye mstatili wenye upana mara mbili ya urefu. Katikati picha iko sawa. Kadiri unavyopanda kuelekea juu kabisa au kushuka kuelekea chini, inavutwa zaidi. Mstari wa mwisho juu, wenye pikseli 3840, unabeba nukta moja tu ya dari.

Waliosoma hesabu wanaweza kuona hasara kwa kalamu. Eneo la tufe ni 4πr². Eneo la ule mstatili ni 2πr mara πr, yaani 2π²r². Gawanya: unapata 2/π, karibu asilimia 64. Maana yake asilimia 36 ya pikseli zako zinachora dari na sakafu mara nyingi kuliko inavyohitajika. Ndiyo maana wahandisi wengine wanapenda kulifunga tufe ndani ya boksi la pande sita na kulaza zile pande sita. Google walitoa aina yao ya boksi hilo mwaka 2017, ambapo pikseli zinagawanywa kwa usawa wa pembe. Hasara inapungua, lakini haiishi.

3. "4K" ya muuzaji na 4K ya jicho

Hapa njo penye mtego mkubwa. Boksi la kamera limeandikwa 4K, na sisi wote tunajua 4K ni picha safi kabisa kwenye televisheni. Lakini kwenye televisheni, pikseli zote 3840 za upana ziko mbele ya macho yako. Kwenye 360, hizo 3840 zimetandazwa kukuzunguka pande zote.

Chukua kaske inayoonyesha digrii 90 hivi kwa wakati mmoja. Digrii 90 ni robo ya 360. Robo ya 3840 ni 960. Kwa urefu, digrii 90 ni nusu ya 180, na nusu ya 1920 ni 960. Kwa hiyo dirisha lako liko na pikseli 960 kwa 960, jumla 921,600. Picha nzima iko na 7,372,800. Gawanya: ni moja kwa nane kamili.

Kati ya kila pikseli nane ulizorekodi, ulizobana, ulizopandisha na ulizolipia, jicho linaona moja. Saba ziko nyuma ya kisogo, juu ya kichwa na chini ya miguu. Na hizo 960 hazikai mbali kama televisheni. Lenzi za kaske zinazikuza hadi zijaze macho yote. Ndiyo maana mtu akivaa mara ya kwanza anauliza: "Mbona ina ukungu?" Ili dirisha lifikie pikseli 1920, sawa na upana wa televisheni ya HD ya kawaida, unahitaji picha nzima ya 7680, yaani 8K. Na ukitaka kina cha kweli, kila jicho lipate picha yake kama macho yetu yanavyotazama kutoka sehemu mbili zilizoachana sentimita sita na kidogo, hesabu inazidishwa kwa mbili.

Kutokana na hilo kuna njia ya katikati ambayo mimi naipenda: VR ya digrii 180. Unapiga nusu ya mbele tu, kwa lenzi mbili zilizokaa kama macho. Pikseli zote zinaenda mbele, mahali ambapo watu wanatazama kweli. Mpigaji anarudi nyuma ya kamera. Kwa sherehe yenye jukwaa moja, nani anataka kugeuka kutazama ukuta?

4. Mega

Sasa turushe direkti. YouTube ilianza kupokea video za digrii 360 mwezi wa tatu 2015, na direkti ya 360 mwezi wa nne 2016. Kwa hiyo njia ipo na ni ya bure. Isiyo ya bure ni intaneti.

Tuchukue 4K ya 360 iliyobanwa kwa kiasi cha megabiti 25 kwa sekunde, ambacho kwa picha ya aina hiyo hakina anasa. Kumbuka megabiti si mega tunazonunua: mega ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. 25 gawanya kwa 8 ni mega 3.125 kila sekunde. Mega 100 zinaisha kwa sekunde 32. Dakika moja inakula mega 187 na nusu. Saa moja ni giga 11 na robo. Kolasyo yetu, tunaijua, haiwezi kuisha kwa saa moja. Na hotuba zote, weka saa tatu: karibu giga 34.

Hizo ni za kupandisha kutoka ukumbini, na kupandisha kwenye mitandao ya simu ni kwembamba kuliko kushusha. Tena mtandao usilegee hata kidogo kwa saa tatu, wakati ukumbi mzima nao uko hewani unatuma picha. Tena umeme usikatike. Halafu kila mzazi kule aliko anashusha giga 11 kila saa. Papa wa mtu aliye kijijini atazitoa wapi?

Utaniambia: apunguze ubora. Sawa. Kwenye 720p, upana ni pikseli 1280. Robo yake ni 320. Dirisha lenye pikseli 320 limekuzwa lijaze macho: atamuona mwanawe kama doa jeusi lenye kofia. Video ya kawaida ya 720p, iliyopigwa na mtu mwenye mkono mtulivu anayesogeza picha karibu wakati jina linaposomwa, inamuonyesha uso, machozi na vyote, kwa sehemu ndogo ya mega hizo.

5. Ujanja wa wahandisi

Mtu makini atauliza: kama jicho linaona kipande kimoja kwa nane, kwa nini seva isitume hicho kipande tu?

Swali zuri, na watu wamelifanyia kazi miaka mingi. Ugumu ni shingo. Ukigeuza kichwa, picha inatakiwa ifuate ndani ya milisekunde 20 hivi. Ikichelewa kuliko hapo, ubongo unagundua udanganyifu na kichefuchefu kinarudi. Ombi likitoka kwenye kaske yako, liende hadi seva iliyo bara lingine na kurudi, linapita hizo milisekunde 20 mara kadhaa. Kwa hiyo picha ya pande zote lazima iwe tayari iko kwenye kifaa kabla hujageuka.

Suluhisho ni vigae. Picha nzima inakatwa vipande kama vigae vya sakafu. Kila kigae kinahifadhiwa kwenye seva kwa ubora tofauti, kizuri, cha kati na duni. Kaske inaomba vigae vizuri kwa upande unaoutazama, na vigae duni kwa pande zingine. Ukigeuka ghafla, unaona ukungu kwanza, halafu picha inasafika. Programu inajaribu hata kukisia shingo yako itaelekea wapi. Mambo haya yameshaingia kwenye kanuni za kimataifa za MPEG, zile zinazoitwa OMAF, zilizochapishwa mwaka 2019.

Kuna pia kodeki zenyewe. H.264 ya mwaka 2003 inafunguliwa karibu na kila simu. HEVC ya 2013 inafikisha ubora ule ule kwa karibu nusu ya data. AV1 ya 2018 inabana zaidi. Lakini simu isipokuwa na chipu inayoijua kodeki hiyo, inafungua kwa nguvu ya prosesa, inapata moto na betri inaisha kabla ya hotuba ya kwanza. Na kabla hujanunua boksi la kadibodi lenye lenzi mbili, aina ile Google walioitoa mwaka 2014, angalia kama simu yako iko na jirosikopu, kile kipimo kinachojua simu imegeuka wapi. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Bila hicho, utavaa boksi na picha itabaki imeganda.

6. Sasa hiyo "hologramu"

Hapa nitasema wazi: karibu kila kitu ambacho watu wanakiita hologramu jukwaani si hologramu.

Mwaka 2012 Tupac, aliyekufa mwaka 1996, "aliimba" kwenye tamasha la Coachella kule Marekani. Tarehe 5 mwezi wa pili 2017, Jean-Luc Mélenchon, mgombea urais wa Ufaransa, alikuwa Lyon kwa mwili, na wakati huo huo "akatokea" Aubervilliers karibu na Paris. Vyote viwili ni kuakisi mwanga. Unaweka kitu angavu kama kioo kimeinama mbele ya jukwaa, unarusha video ya kawaida, na mtazamaji anaona taswira kama imesimama hewani. John Henry Pepper alionyesha ujanja huo London mwaka 1862, bila umeme wala kompyuta. Usiku, ndani ya basi lenye taa, unapoona uso wako dirishani umeelea juu ya miti ya nje, umeuona ujanja wa Pepper bure. Ile piramidi ndogo ya plastiki inayowekwa juu ya simu ni hiyo hiyo. Feni zenye taa zinazozunguka madukani ni jambo lingine tena: jicho linashika mwanga uliopita na kuunganisha picha, lakini picha yenyewe ni bapa.

Kipimo ni rahisi. Tembea upande. Kama ukifika pembeni bado anakutazama usoni vile vile, ni picha bapa. Ukianza kuona sikio lake na kisogo chake, hapo tuzungumze.

Hologramu ya kweli ilibuniwa na Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, mwaka 1947. Alikuwa anatafuta kuboresha hadubini ya elektroni. Mwaka 1971 akapewa Nobeli ya fizikia. Wazo lake: picha ya kawaida inarekodi tu mwanga ni mkali kiasi gani. Lakini mwanga ni wimbi, na wimbi liko na hatua yake, linapanda au linashuka. Tupa mawe mawili kwenye maji yaliyotulia: mawimbi yakikutana, mahali pengine yanaongezeana, pengine yanafutana, na mchoro unaotokea unabeba habari za mawe yote mawili. Gabor alirekodi mchoro wa namna hiyo, wa mwanga uliogusa kitu na mwanga ambao haukukigusa. Ukiumulika tena mchoro huo, mwanga unatoka kama vile kitu chenyewe kiko pale. Ilisubiri leza, iliyowashwa mara ya kwanza mwaka 1960, ili ifanye kazi vizuri kwa vitu vikubwa.

Cha kuchekesha ni hiki: ile picha ndogo inayometameta kwenye kadi nyingi za benki ni hologramu ya kweli. Iko mfukoni bila kelele, na ya uongo iko jukwaani inapigiwa makofi.

Kuirusha kama video je? Mchoro wa mawimbi ni mdogo mno. Weka nukta moja kila nusu mikromita. Kwa kioo cha sentimita 10 kwa 10, ni nukta 200,000 kwa upana na 200,000 kwa urefu: bilioni 40 kwa picha moja. Kwa picha 30 kila sekunde, hata ukitoa biti moja tu kwa kila nukta, ni terabiti 1.2 kwa sekunde kabla ya kubana. Ni mara 48,000 ya zile megabiti 25 ambazo tayari zimetushinda. Na kioo chenyewe hakizidi kiganja.

Kinachowezekana leo katikati ya hapo ni video ya ujazo. Kamera nyingi zinamzunguka mtu studioni, na kompyuta inamjenga upya kama wingu la nukta, kila nukta na mahali pake na rangi yake. Hapo unaweza kumzunguka kweli, si kugeuza shingo tu. Nukta milioni moja, kila moja na biti 54 hivi za mahali na rangi, mara 30 kwa sekunde, ni gigabiti 1.6 kila sekunde kabla ya kubana. MPEG walitoa kanuni ya kubana mawingu hayo mwaka 2021, na njia yao ni ya akili: wanammenya mtu kama chungwa, wanalaza maganda juu ya meza, halafu wanayapa kodeki ya video ya kawaida. Ni kazi ya studio na ya mtandao mpana. Siioni kwenye kotizasyo yetu.

7. Kwa hiyo?

Kwa kolasyo, mimi nasema: direkti ya kawaida, kamera nzuri mbili, sauti safi, na mtu anayejua kusogeza picha. Makuta yanayobaki yaende kwenye betri.

Lakini kamera ya 360 nisingeitupa. Bei yake leo ni kama ya simu nzuri, dola mia chache. Nguvu yake iko mahali ambapo direkti haihitajiki. Fikiria TP ya kemia: wanafunzi mia tatu, meza moja ya majaribio, na walio nyuma wanaona migongo tu. Weka kamera juu ya meza ile, kwenye usawa wa macho, rekodi dakika kumi. Kwa megabiti 25 ni giga 1.9 hivi, kwa HEVC karibu giga moja. Usiirushe. Inakiliwe kwa flashi, kwa kadi ya kumbukumbu, kwa simu hadi simu. Hata Wi-Fi ya darasani usiitegemee kwa wote pamoja, kwa sababu watu 20 mara megabiti 25 ni 500. Ikishakuwa kwenye simu haiombi mega hata moja, na asiye na kaske anazungusha picha kwa kidole. Aliyekuwa nyuma anakuwa mbele, na anaweza kurudia mara kumi usiku wa kuamkia mtihani. Finalisti anayetafuta TFC ya informatiki au ya pedagojia, hapo kuna kazi ya kweli: wanafunzi walioona kwa njia hiyo wanafaulu zaidi au hapana? Hilo linapimika hapa hapa kwetu.

Tena kuna jambo la mwisho, ambalo kwangu ni zito kuliko mega. Nchi yetu tayari imeshapigwa kwa njia hizi. Mwaka 2017 mpiga picha Karim Ben Khelifa alionyesha Paris kazi yake The Enemy, ambapo mtazamaji anatembea kati ya wapiganaji wa pande zinazopingana, na Kongo ni mojawapo ya vita tatu zilizomo. Mwaka 2020 Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg alipeleka kwenye tamasha la Venisi Kinshasa Now, filamu ya 360 juu ya watoto wa mitaani wanaoshutumiwa uchawi. Ni kazi za heshima. Lakini angalia kilichochaguliwa: vita, na watoto wa mitaani. Nimesema 360 haina nje, kila kitu kinaonekana. Ila kuna mtu mmoja aliyechagua kamera isimamishwe wapi, na chaguo hilo mtazamaji hawezi kuligeuza hata akizungusha shingo namna gani.

Maabara zetu, karakana zetu, soko letu saa kumi na mbili asubuhi, mzee anayejua kufua chuma na ambaye hana mwanafunzi: hakuna atakayekuja kutoka mbali kuweka kamera hapo. Sisi tuko hapo kila siku, na hesabu sasa tunazijua.